Meno Matatu

Hashil huniuzia dazeni moja ndani ya gazeti lililolowa grisi,
dukani kwake, uchochoro wa nyuma ya soko, Tabora,
na kila mara huuliza, "Fundi Nyamizi, hizi ni za kushonea?"
Simlaumu. Ukiziweka kiganjani huzioni,
unazihisi tu, kama mtu aliyeshika ndevu za paka.

Nikifika karakana, Isevya, nazipanga juani.
Naupitishia kila wembe ukucha, mgongoni, kisha menoni.
Wa bei rahisi umekatwa kwa kugongwa:
upande mmoja umebaki na ukingo, unavuta kulia
kama punda anayejua njia ya kwao.
Wembe mzuri umesagwa. Hauna kwao.
Unakwenda unakotumwa.

Hesabu yangu niliipata kwa kuvunja, si kwa kufundishwa:
meno matatu yawe ndani ya ubao wakati wote.
Yakiwa mawili, wembe unaparuza, unaruka.
Yakiwa kumi, unga haupati pa kutokea,
na mninga unaanza kunuka
kama kahawa iliyosahaulika jikoni.

Meno yaelekee kwenye mpini; kazi iko katika kuvuta.
Bana fremu kwa kifua, kaza nati ya kipepeo, achia,
kisha ugonge wembe kwa kidole.
Ukisema "ti," endelea.
Ukisema "bwe," kaza tena:
uliolegea husema uongo kwenye kona.

Basi Bi Mwasiti wa Ng'ambo akaniletea sanduku la redio
la marehemu baba yake, karani wa reli.
Uso wa mninga, umetobolewa majani ya tumbaku,
na jani moja limeng'oka. Panya, au mjukuu; hakuna aliyekiri.
"Nataka pasijulikane," akasema, akaenda zake.

Nikatoboa kwa keekee, nikapenyeza wembe mwembamba kuliko yote,
ule wa bei, ninaouhifadhi ndani ya bomba la sindano.
Jumanne nzima nilikuwa juu yake.
Jani likatoka. Ee, jani!
Ncha ya kuchomea, mishipa ya kuhesabika.
Nikaliweka mahali pake, aibu ikanishika:
lilikuwa jino la dhahabu
kinywani mwa mtu asiyependa kucheka.

Nikavaa miwani, nikayatazama ya zamani.
Kila kona imeviringika.
Aliyeyakata alikuwa na wembe mnene, pengine mmoja tu,
tena kibogoyo: kila baada ya nusu kidole
kuna mkwaruzo, palipokosekana jino.
Kwenye jani la tatu mkono ulimteleza, mshipa ukapinda.
Hakuutupa ubao.
Aliipinda mishipa yote iliyofuata
ili kosa lipate ndugu.

Nikarudi kwa Hashil. "Nipe mbovu."
"Mbovu?"
"Ule mnene, uliobaki chini ya kopo."
Akanipa bure, akaongeza miwili, akacheka mpaka akakohoa.

Nikaling'oa jino moja kwa tupa.
Nikakata polepole, nikiuacha uvute kulia utakavyo.
Penye kona sikugeuza mkono, niligeuza ubao,
msumeno ukipanda na kushuka palepale
mpaka wembe ukajichimbia chumba cha kugeukia.
Chumba kikubwa. Chumba cha mtu mnene.

Ijumaa Bi Mwasiti akaja, akapitisha kidole.
"Ni hili?"
Silo.
"Hili?"
Silo, mama.
Akanyamaza kidogo, kidole kikiwa juu ya lile la tatu,
la baba yake.
Kisha akapunguza elfu mbili kwenye malipo:
kazi yenyewe, akasema, mbona haionekani?

Jani la Jumanne ninalo bado.
Liko ndani ya daftari la madeni,
kwenye ukurasa wake.